Mbuzi wa Haal

Galbet, Garissa
5 Februari 1996

Kwa binti yangu Hani,

Asalaam aleikum. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Baba yako mzima, goti tu linamsumbua akiinuka kuswali. Kaka yako Kadar mzima, yuko na ngamia upande wa Habaswein. Mdogo wako Weris mzima, ameng'oka jino. Nyanya yako Rukiyo anakusalimu, anauliza kama unakula. Hata punda mzima. Mimi peke yangu ndiye si mzima, na ugonjwa wangu ni barua yako.

Naandika Kiswahili hiki cha ngumbaru kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika. Nisome polepole, hasira inasukuma kalamu.

Unasema wageni wa Nairobi walikuja kliniki yenu hapo kambini Hagadera, wakauliza kila mtu kazi yake. Ukasimama, ukasema kwa Kiingereza kwamba unawatafsiria daktari na akina mama wanaojifungua. Bare, mkubwa wako, akacheka mbele ya watu. Akasema maneno yako madogo yamekaa ovyo, 'at' mahali pa 'for', 'in' mahali pa 'as', na mtu asiyejua kuitaja kazi yake hana kazi. Sasa tarehe 28, kwenye intavyuu ya kuandikwa kabisa, unasema huendi.

Hani, utaenda. Mwanamke akishikwa na uchungu anakuuliza 'at'? Kiswahili kina 'kwa' moja, inabeba kila kitu kama punda wetu, na hatujapotea njia. Waingereza wana punda kumi kwa mzigo mmoja. Basi wajue hao punda, ni kumi tu.

Na huyo Bare si mtoto wa yule mama Ebla wa mtaa huu huu, niliyemfuta makamasi kwa shuka langu? Kwetu mtu akimvunjia mwenzake heshima, jamaa zake hutoa haal, mnyama wa kuomba radhi. Kesho asubuhi naenda kwa Ebla.

Mama yako, Fatumo


Hagadera
17 Februari 1996

Kwa hooyo, mama yangu,

Salaam nyingi. Nisalimie baba na goti lake, Kadar, Weris na pengo lake, na nyanya, mwambie nakula.

Hooyo, umenifanyia nini? Ebla alipokupa mbuzi, alimtuma Duale dereva wa lori aje kumgombeza mwanawe, na Duale akayasema yote sokoni, mbele ya wauza miraa. Sasa Bare amemwambia mkubwa wa shirika kwamba hatakaa kwenye intavyuu yangu, eti familia zetu zina kesi. Watu wa ofisi wakinipita wanalia mee. Wanasema nikipita intavyuu, aliyepita ni mbuzi.

Na mimi nilikuwa nimeshaamua kwenda. Kila jioni tukikunja mashuka, Amino mkunga ananiuliza kazi yangu kwa Kiingereza: namfanyia nani, katika wodi gani, kama nani, pamoja na nani. Kila swali na neno lake dogo. Nimeyashika yote. Ungenyamaza wiki mbili tu.

Rudisha mbuzi kabla ya tarehe 28.

Binti yako, Hani


Galbet
22 Februari 1996

Kwa Hani,

Asalaam aleikum. Wote wazima kama nilivyowataja barua ile, isipokuwa mbuzi.

Haal hairudishwi. Kuirudisha ni kusema tumekataa amani, na mimi na Ebla tunateka maji bomba moja. Nimemchinja. Nimemwita Ebla na watu wake, tumekula sinia moja, kesi imekufa. Nikamwambia mbele ya wote: mwanao akae kwenye hiyo intavyuu, amuulize binti yangu maswali magumu kuliko wote. Akasema, 'Fatumo, ulimi wako unauma kama siafu.' Nikamwambia, 'Kula nyama, Ebla.' Akala, akaapa kijana atakaa.

Ukikasirika, kasirika. Lakini jua jambo hili. Niliwaambia niliacha ngumbaru kwa sababu ya kuuza maziwa. Si kweli. Mwalimu alinisimamisha nisome ubaoni, nikakwama, akacheka, na wanawake wote wakacheka. Nikachukua shuka langu nikatoka. Mwaka wa nane huu. Hakuna aliyekwenda kwa mama wa yule mwalimu.

Nenda siku hiyo, mwanangu.

Mama yako, Fatumo


Hagadera
2 Machi 1996

Hooyo,

Salaam kwa wote, leo siwataji mmoja mmoja, nina haraka na nina hasira.

Bare alikaa, macho mezani. Aliniuliza kazi yangu mara nne, kila mara kwa njia nyingine. Mara ya nne neno moja dogo likaanguka pasipo pake. Nikalisikia mwenyewe, nikalirudisha, nikaendelea. Hakuna aliyecheka. Jana jina langu lilibandikwa mlangoni, kati ya walioandikwa kazi.

Hasira yangu si ya mbuzi tena. Miaka minane unaniambia maziwa. Unanisukuma niingie mlango ulioukimbia wewe mwenyewe. Nimeulizia: darasa la ngumbaru linafunguliwa tarehe 11, mwalimu ni yule yule. Duale anakuletea daftari na penseli mbili. Mwalimu akicheka, niambie mama yake anakaa wapi.

Lori la Duale linageuza kuja huku tarehe 12. Nijibu nalo hilo hilo, uniambie ulikaa safu ya ngapi.

Binti yako, Hani