Chupa Iliyoandikwa DAWA

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, ukungu umeng'ang'ania migomba hadi saa nne. Jua limechungulia kama nusu saa, likarudi ndani. Mama yuko hospitalini tangu juzi. Anaendelea vizuri. Hilo ndilo la muhimu. Mengine yote nitakayoandika hapa ni aibu.

Nianze na Injinia, kwa kuwa ndiye rahisi kuanza naye.

Injinia ni mume wa dada yangu. Jina hilo alijipa mwenyewe. Aliwahi kukaa miezi michache kwenye gereji moja Mbeya akiosha vipuri, akarudi Tukuyu akitembea kama yeye ndiye aliyetengeneza injini ya kwanza duniani. Mimi nauza vipuri vya pikipiki. Yeye, kwa heshima ya dada, nimemwachia meza barazani kwangu, na juu ya meza hiyo anauza anachokiita dawa ya petroli.

Hiyo dawa nimeisoma. Inakuja kwenye kopo la bati lenye maandishi madogo ya Kiingereza, na mimi si kama Injinia, maandishi madogo nayasoma, kamusi pembeni. Ndani yake kuna manganizi. Manganizi ni metali, na metali haichanganyiki na petroli. Tumbukiza msumari uone. Lakini hapa kila chembe ya manganizi imezungukwa na kaboni, kwa hiyo inayeyuka kwenye mafuta kama sukari kwenye chai. Kazi yake ni kuzuia petroli isiwake kabla ya wakati wake ndani ya injini, ile sauti ya kugonga unayoisikia gari likipanda mlima na mzigo. Inatiwa kidogo sana. Pikipiki zetu haziihitaji hata tone. Kopo linaonya pia: vaa glavu, fungulia penye hewa, isiguse ngozi kwa sababu inapenya, iweke gizani.

Gizani!

Injinia anaimimina kwenye chupa za maji ya kunywa, zile zinazoonyesha ndani, kisha anazipanga juani ili rangi iwake. Ni rangi ya machungwa iliyokolea, kama mawese ya Kyela. Mwanga unaivunja hiyo dawa. Ukiiacha juani inaweka matope ya kahawia chini ya chupa. Na katika mji huu ambao jua ni mgeni, mwanaume mzima anahamisha chupa zake kutoka kona moja ya baraza hadi nyingine akilifukuzia.

Wateja wake wanamfaa. Wiki iliyopita dereva bodaboda mmoja alinionyesha plagi nyekundu kama tofali.

"Dada, ona, plagi yangu imepaka rangi ya kucha."

Kabla sijafungua mdomo Injinia akadakia, "Hiyo ndiyo dawa inafanya kazi, kaka. Uchafu unatoka huo."

Hautoki. Manganizi ikiungua sehemu yake inabaki kwenye plagi, na cheche inadhoofika. Yule dereva akanunua chupa ya pili. Mimi nikamuuzia plagi mpya, nikamrudishia chenji.

Chupa zilipojaa barazani, Injinia akapeleka tatu kwa Mama, kule Mpuguso, akazipanga dirishani. Mama ana goti linalomsumbua tangu mvua zianze. Nilimwahidi dawa ya kuchua, nikawa nasahau kila wiki. Juzi mchana akaiona chupa, rangi ya mawese, imeandikwa DAWA. Akalichua goti, akalifunga kwa kitambaa. Nashukuru hakukaa karibu na moto. Haukupita muda kichwa kikaanza kumgonga, akaona kizunguzungu, akatapika, ulimi ukawa kama amelamba sarafu. Jirani ndiye aliyempigia dada simu.

Hospitalini nesi aliliosha goti kwa sabuni na maji mengi. Mimi nilikwenda na kopo lenyewe. Hilo angalau nililifanya sawasawa, daktari akasoma ni nini anachotibu. Kisha nesi akaigeuza mkononi ile chupa, ambayo dada alikuja nayo kutoka dirishani kwa Mama.

"Dawa ya nini? Nani kaandika hivi?"

Dada alikuwa ameshamgeukia mumewe. "Nani mwingine? Si huyu hapa, injinia wa matope!"

Injinia akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Akasema, "Ni mimi, nesi."

Si yeye.

Mwezi uliopita aliniomba nimwandikie lebo, kwa kuwa mwandiko wake ni kama kuku kaparura. Akanitajia maneno: "Shemeji, andika dawa ya kuongezea nguvu petroli, weka mbali na watoto." Nikaona upuuzi wake haustahili wino wangu. Nikaandika neno moja, herufi nne kubwa, lebo zote, nikamrudishia. "Wateja wako hawasomi zaidi ya hapo." Akacheka, akabandika.

Dawa. Kuna ya kikohozi, ya meno, ya viatu, ya mchwa, ya viazi. Mtu hujua ni ipi kwa neno linalofuata. Mimi ndiye niliyelikata.

Na pale mbele ya nesi nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Nikafunga mfuniko wa kopo, polepole, kama mwenye kazi.

Leo asubuhi nilikwenda kumwona Mama peke yangu. Amekaa kitandani, anakunywa uji. Nikaanza kumsema Injinia kwa mazoea, ujinga wake, chupa zake. Mama akaniacha nimalize.

"Mwandiko wa Injinia ningeuogopa," akasema. "Huu niliujua. Nikasema, mwanangu kalikumbuka goti langu."

Aliniomba sukari kidogo kwenye uji.

Naandika haya dukani, saa kumi jioni. Meza ya barazani iko tupu; Injinia amezirudisha chupa zote stoo, gizani, hatimaye. Dada hasemi naye. Bado ni mjinga, na dawa yake bado ni wizi. Ila nimeshinda hapa nikijaribu kumdharau kwa lile "ni mimi" lake, na nimeshindwa.

Kesho saa moja asubuhi, kabla ya kufungua duka, nitakwenda kwa dada nimwambie lebo ni zangu. Nitasema Injinia akiwapo.

Dawa ya goti nimeshainunua. Nimebandika karatasi juu yake na kuandika maneno yote, kwa mwandiko uleule: Dawa ya kuchua goti la Mama. Ya kupaka tu. Imetoka kwangu.

Sijui kama atathubutu kuifungua.