Mama Yetu Kwenye Ukingo wa Dunia

Mdogo wangu Wafula,

Bafu letu bado linanuka mbuzi wako. Ulichukua ngozi ya yule tuliyemchinja Krismasi kule shambani Upper Marlboro, ukailoweka kwa chokaa kwenye beseni la kuogea hapa kwetu ughaibuni, Columbia Heights, nasi tukaoga kwa ndoo. Nilitaka kukunyonga. Lakini ulipoikwangua ikawa nyeupe, ukaanza kuchora dunia kama walivyoichora Wazungu wa kale, mashariki juu, Yerusalemu katikati, simba na majoka pembeni, nilikaa kando yako mpaka chai ikapoa mkononi.

Kusini, ukingoni kabisa, ndiko walikotuweka sisi Waafrika: watu wasio na vichwa, macho na mdomo viko kifuani. "Kama lazima tukae huko, dada, basi waone sura yetu," ukasema. Ukamchora mama. Mama, ambaye hata machozi ya kumlilia hayajatukauka, tuliyeshindwa kwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Ulimweka na pengo lake, kwenye kifua cha mtu asiye na kichwa.

Kaka yetu mkubwa Wekesa akarudi kutoka kazini akamwona.

"Umemkata mama kichwa?"

Alikubamiza ukutani, ukamchana sikio kwa kisu cha kukwangulia. Akakuangusha, akaukanyaga mkono wako wa kuchorea kwa buti, nikasikia mifupa ikivunjika. Niliwacharaza nyote wawili kwa mwiko huku nalia. Damu ya Wekesa ikamwagikia Yerusalemu. Bahari ya Shamu, uliyoiacha mwisho uipake nyekundu, haikupata hata tone.

Ukaondoka umefunga mkono kwa taulo. Nasikia uko Shaw, hapo tu, mwendo wa miguu. Nimekukasirikia. Yeye nimemkasirikia zaidi. Na nimewamisi kuwasikia mkibishana, nyinyi wajinga.

Wekesa hajaomba msamaha, unamjua. Lakini ramani ameitundika sebuleni, na kila asubuhi kabla ya kazi anasimama mbele ya mama anamsalimia. Jana nimemkuta anaipaka ile bahari mwenyewe, kwa kidole, kwa rangi yako. Imefurika Misri yote, inakaribia miguu ya mama.

"Ataitengeneza akija," akaniambia bila kugeuka.

Njoo uitengeneze, hata kwa mkono wa kushoto, kabla sijamuua.

Mimi dada yenu,
mwenye mwiko