Ukuta wa Buluu wa Bwana Mkubwa

Bomani, Arusha
9 Juni 1909

Mpendwa dada Susana,

Shikamoo. U hali gani huko Tanga? Shemeji Dismasi amepona homa? Sisi huku wazima. Mama yuko Nkoaranga, migomba imezaa, na baridi ya Meru imeanza kuuma.

Dada, leo nakuandikia kwa furaha!

Bwana Mkubwa, Mjerumani wa boma letu, alipokwenda Moshi aliniagiza ofisi yake ipakwe buluu. Nikamwita Lesikar, fundi wa Kiarusha. Kwa lugha yao nikamwambia, "Iwe pus," yaani buluu. Akachanganya chokaa, nili na majivu kidogo. Uani, juani, ilikuwa buluu safi kama anga. Akapaka ofisi nzima, dirisha likiwa limezibwa na kabati.

Jioni nikawasha taa ndani. Ukuta ulikuwa kijivu kama jiko lililozimika!

"Lesikar, umeniua! Hii ni buluu gani?"

"Karani, si ulisema pus? Ng'ombe wa baba ni pus. Ukuta huu ni ndugu yake."

Kumbe kwao neno hilo ni buluu na pia ni kijivu cha ng'ombe. Kabla sijajua la kufanya, nikasikia viatu vya Bwana barazani. Amerudi mapema! Nikaona hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano ya kiboko, yakinisubiri. Akaingia, akakunja uso. Sijui ujasiri nilitoa wapi: nikaipuliza taa.

"Umezima kwa nini?"

"Bwana, mwanga wa taa ni wa manjano, unaila buluu. Uutazame asubuhi, tafadhali."

Akageuka gizani kuelekea mlangoni. "Asubuhi, basi. La sivyo, kiboko."

Sikulala, dada. Niliomba tu. Jua lilipochomoza nikasogeza kabati lililoziba dirisha, nikafungua mbao zote. Mwanga ukaingia, na ukuta ule ule ukageuka buluu mbele ya macho yangu! Bwana akasimama mlangoni, akacheka. Ameamuru meza yake ihamie dirishani, na chumba chake cha kulala kipakwe vile vile.

Lesikar anatamba sokoni: "Mjerumani sasa atalala tumboni mwa ng'ombe wa baba!" Namsihi anyamaze, hasikii.

Nawe ukipaka nyumba, usiiamini rangi ya uani. Itazame ndani, mchana na kwa taa.

Nisalimie shemeji na mtoto Maria. Mungu awafunike kwa mkono wake, kama alivyonifunika mimi na mgongo wangu.

Ndugu yako akupendaye,
Aminieli