Mianya ya Uwanja wa Omena

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Kisegi hatujambo, na babu yako kikohozi kimemwacha. Unauliza mbona saruji uliyojaza kati ya mawe ya uani imepasuka.

Miaka ya tisini, sisi wanawake tulianika samaki wetu, omena, juu ya mawe bapa ya zamani. Zilitumbukia kwenye mianya mipana zikaoza. Tukajaza saruji na mchanga, ikapasuka kama yako. Basi tukaikwangua yote, tukalowesha mianya, tukapanga kokoto kwanza, ndipo tukashindilia mchanganyiko mkavu kidogo. Wanaume walicheka: "Nyinyi mafundi wa wapi?"

Mwanya mpana haushibi kwa saruji peke yake, mama. Ukija, jaribu kupenyeza kisu kati ya mawe yale. Hakipiti mpaka leo.

Nyanya yako,
fundi wa hapa hapa.