Mahali pa kuweka miguu

Jumamosi, mbele ya kulala

Nilisahau kabisa. Kila mara mbele ya mashindano ninafungua vile vyuma vya nyuma vya abiria kukanyagia, pikipiki iwe nyepesi. Navyo vilibaki kwa fundi.

Leo jioni bibi yangu akasema tumbo la mimba linamubana, nimupeleke materinite, kule wanakozalisha. Akapanda nyuma.

«Papa Neema, miguu niweke wapi?»

Nikamwambia akanyage juu ya yangu. Ile kona ya muteremko, njia ya Kabimba, ninaipitaga nikilala juu ya tanki, sisikii woga. Leo baiskeli zilitupita. Kila nilipogusa breki ya muguu, muguu wake ulikuwa juu ya wangu. Kama angeteleza...

Mama muzalishaji akasema mutoto anacheza vizuri. Niliketi chini pale pale mulangoni.

Tukirudi, bibi yangu akacheka: «Kumbe unajua kwenda polepole!»

Sikucheka. Mashindano njo kesho, na pa kona ile anayegusa breki anashindwa. Bibi yangu amelala sasa. Muguu wangu wa kuume bado unausikia uzito wa muguu wake.