Kashindi, Mama Moshi Ilikuwa Kazi Yangu

Kimanga, Uvira

Kashindi,

Minye iko na miaka themanini na nne. Niliwaona Wabelgiji wakikimbia, niliwaona waasi wakija na wakienda, nimezika wake wawili, meno yamebaki manne, na Jumamosi nimekuzika weye. Nilitupa udongo mara tatu, kwa nguvu. Niliogopa utatoka useme tena uongo.

Wasikwambie sikulia. Nililia, lakini kwa hasira, pale pasteri aliposimama kaburini akasema: "Hapa amelala fundi aliyejenga Mama Moshi kwa mikono yake." Watu wakapiga makofi. Makofi kwenye maziko, Kashindi! Na mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake: "Unamuona ule muzee, Wilondja? Ndiye alikuwa anamuoshea spana."

Kuosha spana. Miaka sitini nabeba hilo jina.

Sasa uko chini, huwezi kunikata maneno. Sikiliza.

Nani aliikuta ile kamio, lori tuliloliita baadaye Mama Moshi, kwenye shamba la pamba, muzungu wake amekimbilia Usumbura mwaka wa uhuru, kikombe cha kahawa kimebaki mezani? Minye. Ilikuwa kamio ya vita ya zamani, shasi na moteri tu, na nyoka amelala juu ya redieta. Weye ulisema: "Hiki ni chuma cha kutengeneza majembe." Minye nikasema itatembea. Kabini nilichonga kwa mbao za mtumbwi. Siti ilikuwa benchi la kanisa. Benchi ulilileta weye, hilo nakubali, minye si mwizi wa sifa. Resori, zile springi za nyuma, nilizikalisha juu ya vipande vya reli ya zamani ya Kamanyola. Na wakati wa vita esanse, petroli, ilipokwisha Uvira yote, magari ya wakubwa yamelala kama mbuzi wagonjwa, nani alichukua pipa, akaliunga nyuma ya kabini, akatia makala, mkaa wa kupikia, ndani, akauchuja moshi kwa maji na kwa pamba ya yule yule muzungu, mpaka moteri ikaunywa? Ilikohoa, ikapiga chafya, ikawaka. Kamio ya kula makala! Watu wa milimani waliteremka, wakaacha ng'ombe wao barabarani, kuja kuishangaa.

Ilikuwa na ubaya mumoja tu. Gia ya rivasi ilivunjika meno tangu kwa muzungu. Mama Moshi alijua kwenda mbele tu. Kumrudisha nyuma tulimsukuma watu kumi.

Tulikula vizuri siku zile. Ndagala, dagaa wa ziwa, tulichoma juu ya kifuniko cha pipa, moteri ikiwa inawaka. Weye ulikula miili, minye ukaniachia vichwa. Nilipaswa kukujua tangu hapo.

Kisha komanda wa waasi akaja na watu wake. Alizunguka kamio mara mbili, akagonga pipa na fimbo, akauliza: "Nani alitengeneza hii kitu?" Minye nilifungua mudomo. Weye ulikuwa umeshasema: "Minye, mukubwa. Huyu ananisaidia kuosha spana."

Hukusema "sisi wawili." Nilikuwa nimesimama karibu nawe, mafuta mikononi mwangu, na hukusema hata "sisi wawili."

Akakupa kofia hapo hapo. Akakuchukua kwenda kula mbuzi Kavimvira, na minye nikaachiwa kazi: kamio ipakwe grisi, kesho asubuhi inapeleka chumvi na maharage Kamanyola. Ukageuka kuniambia, mbele ya askari: "Osha vizuri."

Basi nikaosha.

Sikiliza nilichofanya, sababu sikuwahi kukwambia. Nilifunga munyororo kwenye miti mitatu, nikainua matako ya Mama Moshi. Nikafungua ponti, ile ekseli nzima ya nyuma pamoja na tumbo lake la meno, nikaigeuza juu chini, nikaifunga tena. Vile vipande vya reli viko sawa juu na chini, vilipokea bila kelele. Fundi anajua: ponti ikigeuzwa hivyo, gia zote za mbele zinarudi nyuma. Na rivasi hatukuwa nayo. Maana yake, Mama Moshi aliyejua kwenda mbele tu, kuanzia saa kumi ya ile siku alijua kurudi nyuma tu. Peke yangu, Kashindi! Nani mwingine Uvira yote angefanya vile?

Nilitaka komanda aone kwamba huyu wa kofia hajui kitu. Nilitaka upigwe fimbo. Na kama wangekupiga zaidi ya fimbo, siku ile nisingekuombea.

Asubuhi watu walijaa. Ulipanda na kofia yako, ukatia gia ya kwanza, na Mama Moshi akarudi nyuma, akavunja kiti cha komanda na mutungi wa pombe. Watu waliruka kama panzi! Ulitoa kichwa dirishani ukaniangalia. Minye nikaangalia ziwa.

Nilingoja uniite. Nilikuwa tayari kwenda polepole, nisimame mbele yao wote, niseme: fundi ni nani?

Lakini weye ulipaza sauti: "Mukubwa, leo inakwenda hivi!" Ukatoka. Matako mbele, pua nyuma, shingo imepindwa, Uvira mpaka Kamanyola, watu wanakimbia wakicheka njia nzima. Hata minye nilicheka.

Na kule njiani, katikati ya tambarare, jeshi la serikali likawapiga risasi kutoka mbele. Mbele ilikuwa matako: bati la chuma nililofunga kwa mikono yangu, na magunia ya chumvi. Komanda na askari wake, waliopanda nawe, wote walijificha upande wa kabini. Hakufa hata mumoja. Kama kamio ingekwenda na pua yake, ile risasi ya kwanza ilikuwa yako.

Unaona uchungu wangu? Nilitega munyama, mutego ukamuponya. Na weye ukasema mbele yao wote kwamba ulipanga, kwamba uligeuza kamio kwa akili ya vita! Ukabaki na ile shingo yako iliyopinda maisha yote, watu wanakuamkia "Muzee wa Kamanyola," na minye naosha spana.

Wiki nzima nilingoja waje kunikamata. Hawakuja. Miaka sitini nimejua kwamba waliniogopa.

Jumamosi, watu walipoondoka, Mama Zawadi, mujane wako, akanishika mukono, akanipeleka nyuma ya nyumba, pale mifupa ya Mama Moshi imelala kwenye majani. Nilicheka moyoni. Ponti ingali juu chini. Kile kifuniko cha kumwagia mafuta, ambacho kwa kila kamio kinaangalia ardhi, chako kinaangalia mawingu. Nikasema: huyu muntu amekufa bila kujua.

Mama Zawadi akasema: "Shemeji, kule Kamanyola komanda alitoa bastola, akauliza nani alichezea kamio. Kashindi akajibu ni yeye, kwa kupanga. Aliniambia nilipokuwa namukanda shingo: 'Nisingesema vile, wangerudi kumuua Wilondja.'" Kisha akanionyesha kile kifuniko. "Watoto walitaka kuigeuza ponti ikae vizuri. Akawakatalia. Alisema: muache, ule ni mukono wa Wilondja."

Kashindi.

Kashindi, weye ni muntu mubaya. Miaka sitini tunapitana sokoni, ulishindwa kuniambia? Umeniibia kamio, ukaniibia na kisasi. Nilikuwa nacho hicho tu.

Kwa uongo wa Kamanyola, sawa, nakuachia shingo yako. Kwa uongo wa kwanza, ule wa spana, hakuna anayekutetea, hata muke wako. Huo sisamehi. Tukikutana huko utaosha spana zangu zote, moja moja, na minye nitakuwa nakula miili ya ndagala.

Lala basi. Nakuahidi hivi: Jumatatu naenda kwako na rangi nyeupe. Nitaandika kwenye bati la nyuma, herufi kubwa: KAZI YA WILONDJA. Na chini yake, ndogo, ndogo sana: shofere Kashindi. Dereva tu. Ponti sitaigeuza.

Asiyeamini amuulize Mama Zawadi, yuko hai na masikio yake yanasikia. Akichelewa, akamukuta naye ameondoka, basi apige magoti kwenye majani, achungulie chini ya Mama Moshi. Kifuniko kinaangalia juu.

Wilondja, fundi