Nnazi wa Babu

Mjukuu wangu Mize,

Salamu zangu ni ndefu kuliko barabara ya Mkoani hadi Wete, basi zipokee kidogo kidogo. Sisi wazima, alhamdulillahi. Bibi yako yuko uani, anaanika karafuu na kuwafokea kuku. Mwalimu mkuu wa hapa Mtambile bado anawasimulia wadogo zako kwamba wewe ndiye wa kwanza skulini petu kupata nafasi ya kusoma sayansi Unguja. Mimi nawaambia akili hizo ni zangu.

Umeniuliza kama urudi nyumbani, kwa kuwa ukijibu darasani wanakucheka Kipemba chako. Yakhe, mimi nimechekwa mpaka Mombasa! Nilikuwa kijana, mpishi hodari wa meli, nikaingia darasa la jioni nijue kusoma. Mwalimu akachora mti wenye makuti. "Nini hiki?" Nikawahi mimi kwa Kipemba changu, "Nnazi!"

Darasa likaangua kicheko. "Mpemba, tangu lini nazi ikaota makuti?"

"Kaeni chini yake," nikawajibu. "Ikikuangukieni mtajua."

Mwalimu alicheka hata chaki ikamponyoka. Kisha akaja mezani kwangu, akanishika mkono, tukaandika pamoja: mnazi. Wale wasiothubutu kujibu hakuwaendea. Barua hii naiandika kwa m ile ile, ingawa ulimi wangu bado unasema nnazi.

Usirudi bado, mama. Kesho nyoosha mkono ujibu. Wakicheka, waalike wote likizo. Nnazi wangu una madafu ya kuwatosha.

Babu yako